Alichokicheka Lola Siyang

Taichung, 11 Februari 1996

Lolo wangu mpenzi,

Naubusu mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, kama ningekuwa hapo mlangoni. Mimi sijambo. Baridi ya huku inauma masikio, ila mwenye nyumba amenipa koti, zito mpaka nikilivaa najiona nimebeba mtu mgongoni. Kopo la guinamos, uduvi wa kuchachusha, alilonifungia bibi yangu, Lola Siyang, nimekatazwa kulifungua ndani, eti nyumba itanuka. Basi huwa nalifungua roshani, nanusa, nalifunga, narudi kazini. Ndiyo hali ya mjukuu wako.

Bibi Kuo, huyu mama mzee ninayemtunza, ana afya ya ng'ombe na uso wa mtu aliyeibiwa. Hacheki. Mwanawe anasema hajacheka tangu afiwe na mumewe. Nikajisemea: mimi si mjukuu wa Tuting wa Dumangas? Babu yangu si ndiye anayeitwa kwenye kila matanga ili watu wasilale? Nikaanza na ule wa padri na samaki. Lolo, niliaibika! Mwisho wake umekalia neno moja la kwetu lenye maana mbili, na kwa Kichina halikuwa na hata moja. Nikaeleza maana ya kwanza, nikaeleza ya pili, nikaeleza na kwa nini watu hucheka. Bibi Kuo akaniuliza kama chai iko tayari.

Sasa nataka kumpa ule mrefu, wa nyati. Lakini nijibu kwanza: mwisho wake maana yake nini? Tangu utoto nausikia. Mtu ana nyati wa kulimia, hataki kuvuka mto mpaka aitwe kwa jina lake, na jina hakuna alijuaye. Yule mtu anamwendea aliyemuuzia, naye alimnunua kwa mwingine, mwingine kwa mwingine, vijiji na vijiji, anavuka maji mpaka Guimaras, anavuka tena mpaka Negros, viatu vinaisha, mke anazaa, mpunga unavunwa bila yeye. Mwishowe anamkuta ajuza, mwenye nyati wa kwanza kabisa. Anamuuliza, "Bibi, nyati wako alikuwa anaitwa nani?" Ajuza anasema, "Mimi? Mimi nilifuga mbuzi."

Basi. Imeisha. Watu wote kimya, wanatazamana, Lola peke yake ameanguka kwa kicheko, kashika mbavu. Alikuwa akicheka nini? Nieleze vizuri, nimweleze na Bibi Kuo.

Na Lola mbona haandiki? Zamani hakuacha kutia mstari wake chini ya wako, kuniuliza kama nakula. Barua mbili sasa naona mwandiko wako tu.

Mjukuu wako,
Rosevie


Dumangas, 24 Machi 1996

Inday, binti yangu,

Barua yako imefika imelowa kona moja, nadhani mpeleka barua aliigeuza mwavuli. Sisi hatujambo. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Binamu yako Merlinda amejifungua tena, wa kiume, kichwa ni cha baba yake, Mungu amsaidie. Yule jogoo mwekundu uliyempenda tulimla siku ya sherehe ya mji. Alikuwa mgumu hata mbwa alifikiria mara mbili.

Sasa wewe mtoto huna adabu. Mzaha hauelezwi! Mzaha ulioelezwa ni ndizi iliyomenywa jana: ndizi ni ndizi, lakini nani ataila? Padri na samaki wake usiwavushe bahari tena, wanaoza njiani. Lakini kwa kuwa umeniomba, na kwa kuwa nina umri wa kupenda kuombwa, nitakueleza huu wa nyati.

Utamu wake ni kwamba humpeleki mtu popote. Msikilizaji anakufuata mto kwa mto, anachoka na yule bwana, anamhurumia, anasema moyoni, bila shaka mbele kuna jambo. Hakuna jambo! Kuna mbuzi. Akicheka, anajicheka mwenyewe aliyefuata. Wenye roho nyembamba hukasirika. Lola yako ana roho pana, ndiyo maana alielewa siku ile ile ya kwanza.

Sijakusimulia siku ile? Ilikuwa kwenye matanga ya mjomba wake, mzee Hilario. Mimi kijana, shati la kuazima, simjui mtu pale. Wakasema nani ana hadithi, nikajitia ujasiri, nikasimulia nyati mwanzo mpaka mwisho. Kimya! Hata waliokuwa wakicheza karata walinitazama kwa huruma. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikainuka, nikachukua kofia, nikawaaga, nikashika njia. Nimefika mlangoni, ndipo nikasikia msichana mmoja anacheka, anacheka, anapiga goti. Mzaha umemfikia umechelewa, nikasema, kama barua. Nikageuka kumwona ni nani. Wewe na mama yako na Merlinda na huyo mwenye kichwa kikubwa mmetoka katika mgeuko huo.

Lola yako mzima. Anakusalimu. Mkono unamsumbua kidogo, ndiyo maana haandiki.

Babu yako,
Tuting


Taichung, 19 Mei 1996

Lolo,

Shikamoo yako na ya Lola. Mvua za huku zimeanza, nguo hazikauki, Bibi Kuo ananilaumu mimi. Nimehudhuria misa ya Wafilipino Jumapili, tukala pansit, tambi za kwetu, iliyopikwa na mwanamke wa Cebu, nikala huku nakosoa kimoyomoyo.

Nilimsimulia nyati kwa Kichina changu cha kuokoteza. Ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu sijui kusema "kuvuka", nilikuwa natembea chumbani nikionyesha. Bibi Kuo alisikiliza yote. Nikamaliza: "Mimi nilifuga mbuzi." Halafu akauliza, "Na huyo mbuzi, walimwita nani?" Sikucheka mbele yake. Nilikwenda kuchekea jikoni.

Lolo, Merlinda ameniandikia. Anasema Lola alitia chumvi kwenye kahawa ya padri. Hilo si kitu, hata mimi nimewahi. Lakini anasema pia kwamba Lola alimnong'oneza, "Yule mwanamume aliyeketi dirishani ni wa nani?" Na aliyeketi dirishani ulikuwa wewe.

Mkono unamsumbua, ee? Mimi si mtoto tena. Niambie.

Rosevie


Dumangas, 7 Julai 1996

Inday wangu,

Nimechelewa kukujibu. Mara mbili nilikaa kuandika, nikaishia kukusalimu, nikakunja karatasi. Salamu ninazo nyingi, ni hayo ya baada ya salamu yaliyonishinda.

Ni kweli. Lola yako anasahau. Ilianza kwa sufuria na funguo, tukacheka pamoja. Halafu majina. Sasa ni sisi. Ananiita Manong, kama mtu anavyomwita mpita njia aliyemzidi umri. Na tena mpole! Ananikaribisha kahawa katika nyumba niliyoisimamisha kwa mikono yangu. Juzi ameniuliza, "Manong, mkeo hajambo?" Nikamjibu hajambo. Akasema, "Usimwache peke yake muda mrefu." Nikatoka nje nikajifanya natazama kuku.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja, nawe bado una mkataba. Na kwa sababu kukiandika kitu ni kukikubali.

Nitakuambia ninachofanya. Kila alasiri, akisha kunywa supu yake, naketi kwenye kigoda kando ya kitanda, namshika mkono, namsimulia nyati. Taratibu, siruki kijiji hata kimoja. Nilidhani, hata akinisahau mimi, kicheko chake kitaijua njia. Hadithi ile ni yetu, haina mtu mwingine aliyeipenda duniani. Nafika kwa ajuza, nasema, "Mimi nilifuga mbuzi." Ananitazama kwa adabu. Anasema, "Hadithi nzuri, Manong." Hacheki.

Inday, sitaki mengi. Najua hatarudi. Nataka acheke mara moja tu, nijue bado yumo. Nimefikiria labda nasimulia vibaya, labda kuna kitu nimesahau mimi, maana na mimi si kijana. Ulinitaka nikueleze mzaha ule. Sasa mimi ndiye ninayekuomba. Wewe ulikuwa naye jikoni miaka yote. Alikuwa akicheka nini?

Babu yako


Taichung, 4 Agosti 1996

Lolo wangu,

Nimelia, nimenawa uso, sasa nakuandikia. Bibi Kuo ameniona macho mekundu, akanimenyea chungwa. Kumbe ana moyo.

Swali lako nina jibu lake, lakini nimeapishwa nisikuambie, na aliyeniapisha ndiye huyo huyo. Kwa hiyo usiniulize. Nijibu tu hili: unapomaliza hadithi siku hizi, unafanya nini? Zamani nyumbani ulikuwa ukiifunga vile vile kila mara. Unainuka, unachukua kofia kwenye msumari, unasema, "Haya, asanteni sana, tuonane tena," unakwenda mpaka mlangoni kama mgeni. Je, hiyo unaifanya?

Kama huifanyi, ifanye. Simama, vaa kofia, aga. Ukipenda uniite kichaa.

Rosevie


Dumangas, 15 Septemba 1996

Inday,

Hatujambo kwa kadiri yake. Tufani ilipita pembeni, imechukua bati la jikoni na kumwachia jirani, naye anasema hajaliona.

Siifanyi, na sitaifanya. Ile kofia na kuaga ni urembo tu wa mwisho wa hadithi. Utamu uko kwa mbuzi. Nilikuwa naaga vile kwa kuikumbuka siku ya kwanza, maana ndivyo nilivyotoka kwa mzee Hilario, na nilitoka na bahati. Lakini sasa niketi na mke wangu mgonjwa, halafu nisimame, nivae kofia, nimwambie tuonane tena? Maneno yale yalizaliwa matangani! Ulimi wangu unakataa. Mimi simuagi Siyang. Mwingine amuage, si mimi.

Na hicho kiapo chenu kinanikera. Mnaficha nini, nyie wanawake? Kama kuna kitu kuhusu mzaha wangu mwenyewe ambacho sikijui, nina haki ya kukijua kabla sijafa. Niambie, au usiniandikie tena habari za kofia.

Tuting


Taichung, 13 Oktoba 1996

Lolo, nisamehe. Hata salamu leo ni fupi, maana nikichelewa nitaghairi. Namwomba Lola naye anisamehe. Nadhani angekubali.

Tulikuwa tunasuka majani ya kufungia ibus, ule wali wa kunata, mimi na yeye, mkesha wa sherehe ya mji, mwaka ule niliomaliza shule. Wewe ulikuwa uwanjani unawapigia watu nyati. Nikamuuliza, Lola, ile hadithi inachekesha nini? Akachungulia dirishani kwanza, akasema, "Sijui, mwanangu. Sijawahi kuielewa hata siku moja. Nyati, mbuzi, Negros, mimi huwa napotea hapo kwenye mto wa pili."

Nikamwambia, sasa unacheka nini? Hapo akaanza kucheka mpaka majani yakamtoka mkononi. Akasema: "Nilikuwa msichana mwenye msiba. Nimelia siku nzima. Akaja kijana mmoja, shati si lake, akasimulia upuuzi usiokwisha. Akaona haya, akainuka. Na wewe unajua, matangani mtu haagi. Wenye msiba hawasindikizi mgeni, na mgeni hashukuru wala hasemi tuonane, maana mtaonana wapi tena kama si kwenye jeneza jingine? Watu hutoka kimya kimya kama paka. Sasa yeye akasimama katikati ya chumba, kofia kifuani, akainama kwa heshima kwa mama, kwa shangazi, akamwinamia na mjomba Hilario kwenye jeneza lake! Akasema, 'Asanteni sana kwa kunikaribisha, nimefurahi mno, tuonane tena karibuni!' Shangazi alishika rozari yake kwa mikono miwili. Na yeye hata hakujua alichosema. Nilicheka, Rosevie, nilicheka mbele ya maiti, na ndipo nikajua kwamba nitaishi."

Akasema kwamba kwenye matanga ya watu wengine, ulipokwisha kuujua mwiko ukawa unayameza yale maneno kwa nguvu, alicheka zaidi, kwa kuwa aliyaona yakishuka kooni. Nikamuuliza mbona humwambii? Akasema, "Anafurahi kuwa mwenye hadithi nzuri. Sitamnyang'anya. Na wewe niapie hutamnyang'anya."

Sasa nimekunyang'anya. Lolo, hakuicheka hadithi. Alikucheka wewe. Kila mara, miaka yote hiyo, ni wewe.

Simama. Vaa kofia.

Rosevie


Dumangas, 24 Novemba 1996

Inday,

Nilinuna. Nakiri. Wiki nzima sikusema na mtu, nilizunguka nyumba nikiwakemea kuku. Miaka yote hiyo najiona bingwa, kumbe msikilizaji pekee aliyecheka alikuwa akipotea kwenye mto wa pili! Nilikwenda mpaka pembeni ya kitanda nikamwambia, "Wewe mwanamke ni mwongo mkubwa." Akajibu, "Pole, Manong." Hasira zikaniishia hapo.

Jumanne alasiri nikasimulia. Sikushika mkono wake. Nilisimama katikati ya chumba kama siku ile. Merlinda alikuwepo na mtoto wake. Nikafika kwa mbuzi. Kimya. Siyang ananitazama kwa adabu yake ile ile.

Kofia ilikuwa kwenye msumari. Nikaichukua, nikaiweka kifuani, nikamwinamia Merlinda, nikamwinamia mtoto, nikamwinamia mke wangu. Nikasema, "Asanteni sana kwa kunikaribisha. Nimefurahi mno. Tuonane tena karibuni." Nikaelekea mlangoni bila kugeuka, maana niliogopa kugeuka.

Nikashika mlango. Ndipo nikasikia, kwanza kama mtu anayepaliwa. Merlinda anadhani supu imempitia vibaya, anamkimbilia. Hapana. Anacheka! Mkono unapiga goti, pu, pu, pu, chini ya shuka. Machozi yanamtoka. Akasema, "Susmaryosep! Kijana wewe! Matangani hakuagwi hivyo!"

Nikasema, "Sikujua, binti."

Akasema, "Njoo, kaa kwanza. Kahawa bado ya moto. Unaitwa nani?"

Nikamwambia naitwa Tuting. Akasema, "Tuting, shati hilo si lako." Nikamwambia ni la kuazima. Tukacheka wote wawili, Inday, mpaka mtoto wa Merlinda akaanza kulia.

Kabla ya kumaliza kahawa nikawa Manong tena. Haidhuru. Sasa kila alasiri nakutana na msichana yule kwa muda wa kunywa nusu kikombe. Siku nyingine hacheki, siku nyingi anacheka. Nimefupisha nyati, nimeondoa Guimaras yote. Kwa nini nimchoshe na hakuwahi kuielewa?

Mwambie Bibi Kuo mbuzi hakuwa na jina. Alikuwa akiitwa Mbuzi.

Wako anayekushukuru,
Tuting


Taichung, 12 Januari 1997

Lolo, heri ya mwaka mpya. Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika mikunjoni. Bibi Kuo hajaridhika na jina la mbuzi, anasema nyinyi watu wa visiwani hamjali wanyama. Lakini jana, nilipotoka kwenda sokoni, nikamwinamia mlangoni, kofia ya sufu kifuani, nikamuaga kama wewe. Akanirushia ndara. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, Lolo. Naapa ulipinda.

Mkataba unaisha Mei. Mwambie Lola anisubiri.

Rosevie


Dumangas, 2 Machi 1997

Inday wangu,

Merlinda alikupigia simu, kwa hiyo hili unalijua, na najua hukuruhusiwa kuja. Usijilaumu. Nakuandikia yale ambayo simu haikuweza kubeba. Lola yako alituacha asubuhi, polepole, mikono yake imetulia. Alasiri ya jana yake alicheka. Namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya yote.

Tulimweka sebuleni, karibu na dirisha. Watu walijaa, biskuti, kahawa, salabat ya tangawizi, karata, kama desturi. Nyumba haikufagiwa, mgeni hakusindikizwa, shemeji yangu Pasing alisimamia miiko yote kama askari. Jioni moja mtu akasema, "Tuting, hadithi." Pasing akasema, "Muacheni, ni mfiwa." Nikasema, hapana, nitasimulia. Nikawapa nyati mzima, na Guimaras nikairudisha. Nilikuwa nimesimama kando ya jeneza, namsimulia yeye. Nikafika kwa ajuza na mbuzi wake. Kimya, kama siku zote.

Nikachukua kofia kwenye msumari. Nikawainamia wote, nikamgeukia Siyang, nikamwinamia chini kabisa. Nikasema, "Asante sana kwa kunikaribisha. Nimefurahi mno. Tuonane tena."

Pasing alipiga ukelele. "Susmaryosep, Tuting! Unakiita kifo kingine!"

Nikamwambia, "Nakiita, ndiyo. Lakini kiambie kisiharakishe."

Nikavaa kofia, nikatoka. Nikashuka ngazi, nikapita uani, mbwa ananifuata. Nimefika langoni, mkono kwenye komeo, ndipo nikakumbuka kwamba matanga yenyewe ni ya kwangu. Mwenye nyumba ni mimi! Nikasimama pale nikifikiria niende wapi. Hakuna mahali. Nikageuka, nikaona madirisha yote yamejaa vichwa, wananitazama. Nikavua kofia, nikapanda ngazi, nikaitundika kwenye msumari wake, nikaketi kwenye kiti kile kile nilichokuwa nimekalia.

Aliyeanza ni Pasing. Alipiga goti, Inday, pu, pu, pu. Ni dada yake Siyang, damu moja, na miaka yote sikuwahi kusikia kwamba kicheko chao ni kimoja. Halafu Merlinda, halafu wacheza karata, halafu nyumba nzima, rozari na vikombe na watoto, wanacheka na machozi yanawatoka. Nami nikacheka pamoja nao, karibu na mke wangu, na mara hii nilijua tunacheka nini.

Njoo Mei. Kopo lako la guinamos lifungue popote utakapo.

Babu yako,
Tuting